UZI: Kuanzisha kikundi cha mjadala wa kifeministi Dodoma (watu, mahali, maswali, siri, sheria, na pale vinapovunjikia)

Nyemo wa Ilazo (mleta uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Swali la kuanzisha kikundi cha wanawake cha kujadili haki zetu na mfumo dume hapa Dodoma limeulizwa sana, na jibu huwa lile lile: andikeni katiba, chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Kikundi cha mjadala hakifi kwa kukosa mweka hazina. Kinakufa kwa sababu kikao cha tatu kimegeuka hotuba ya mtu mmoja, au kwa sababu neno lililosemwa Jumamosi limesikika soko la Majengo Jumatatu. Naweka ninayoyajua kuhusu watu, mahali, saa na maswali. Wenye sheria na wa vijijini naomba mjazie.

WATU. Anzeni na 8 hadi 12. Wakiwa chini ya 6, wawili wakipata msiba hakuna kikao. Wakizidi 15, pigeni hesabu: kila mmoja akipewa dakika 4 kwa swali moja, watu 20 ni dakika 80, na mjadala wenyewe haujaanza. Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni nani anakaa na nani. Msiweke wifi na wifi, mkwe na mama mkwe, wala bosi na msaidizi wake kwenye duara moja. Hakuna mwanamke atakayesema ukweli kuhusu pesa ya nyumbani mbele ya wifi yake, na wala asilaumiwe. Wote wakitaka kuja, fungueni kikundi cha pili mtaa mwingine.

MAHALI. Nyumbani kwa mtu si pazuri mwanzoni. Mwenye nyumba atatumia kikao kizima jikoni, mume atapita sebuleni mara tatu, na majirani watajua nani kaingia. Ukumbi wa kanisa au wa msikiti hupatikana bure, lakini siku mkitaka kuzungumzia uzazi wa mpango au talaka mtajikuta mnapunguza sauti. Darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, linafaa zaidi: lina madawati ya kupanga duara, choo, na kila mtu ana sababu ya kupita shuleni. Wa mjini kumbukeni Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Kumbi na hata vyumba vya mikutano vya bei ndogo hushikwa mapema, kwa hiyo omba nafasi tangu Machi.

SAA. Dakika 100, si zaidi. Mkianza saa 9 alasiri mtamaliza saa 11 kasoro dakika 20, na mtu wa Nkuhungu au Nzuguni atafika kwake jua bado lipo. Kikao kinachomalizika gizani kinawapa waume hoja ya bure. Kila wiki 2 inatosha. Kila wiki inachosha. Kwa mwezi mara moja, aliyekosa kimoja anakaa miezi 2 bila kuwaona wenzake na harudi tena.

CHAI. Watu 12 ni lita 5 za chai, nusu kilo ya sukari, na karanga kilo 1. Iletwe kwa zamu, ikiwa imeshapikwa. Anayepika wakati wengine wanaongea ni mtu mliyemfungia nje ya mjadala.

---

Kibaigwa Sokoni

Dada Nyemo, umefafanua vizuri. Ila mbona tunajipa kazi mara mbili? Wanawake tayari wanakaa kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: watu 15 hadi 30, siku yao inajulikana, wanaaminiana mpaka wanatunziana funguo 3 za sanduku. Kwa nini mjadala usiingie humo humo?

---

Nyemo wa Ilazo

Ndugu yangu, kuna sababu 3 na zote zinatokana na pesa.

Kwanza, mwenye deni haji. Wiki anayokosa pesa ya hisa na rejesho ndiyo wiki ambayo nyumbani kwake hakuko sawa, na ndiyo wiki aliyohitaji kuwa kwenye duara. Pili, wapo ambao pesa ya hisa hupewa na mume. Huyo akisema neno kuhusu mume wake leo na likafika nyumbani, wiki ijayo hana hisa. Tatu, mwenyekiti wa VICOBA ndiye anayeamua nani apate mkopo. Nani atampinga kwenye mjadala mtu ambaye wiki ijayo atapitisha fomu yake?

Itumieni VICOBA kualika watu. Lakini mjadala uwe na siku yake, usiwe na faini ya kutokuja, na usichukue hata shilingi kwenye mfuko wa jamii.

---

Kibaigwa Sokoni

Kwa mjini nakubali. Kijijini siku ya pili haipo. Mama anaruhusiwa kutoka mara moja kwa wiki, na ruhusa hiyo ni ya VICOBA. Ukimwambia achague, atachagua hisa, na ana haki.

Kinachowezekana ni hiki. Mjadala dakika 60 KABLA ya sanduku kufunguliwa, usiwe baada. Baada ya sanduku kufungwa hakuna anayebaki, kila mtu ana kuni kichwani. Faini ya kuchelewa ianze kuhesabiwa saa ya VICOBA, si saa ya mjadala. Anayeongoza mjadala asiwe kiongozi wa VICOBA kabisa, wala mtunza funguo. Na daftari la mahudhurio ya mjadala lisiwepo.

---

Nyemo wa Ilazo

Hilo la mjadala kuongozwa na mtu asiye kiongozi wa pesa linapunguza madhara, nalipokea. Bado naona mwenye deni atakosekana. Atakayejaribu njia hiyo aangalie sura za wanaokosa, asitosheke na idadi ya waliokuja.

---

Mwezeshaji Mtumba

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naongeza kwenye kuendesha kikao, maana hapo ndipo penye kazi.

Swali ndilo kikao. "Mnaonaje kuhusu mfumo dume?" ni swali la kuua kikao, kwa sababu anayejibu ni aliyesoma, wengine wanatikisa kichwa. Swali zuri lina kitu cha kushika mkononi na lina mtu ndani yake. "Alizeti ya mwaka jana iliuzwa na nani, na pesa ililala mfukoni mwa nani?" "Simu unayotumia, laini imesajiliwa kwa jina la nani?" "Mtoto akiugua usiku, unaweza kumpeleka zahanati kabla ya kuomba ruhusa?" Mtu yeyote ana jibu, awe profesa au muuza ndizi wa Jamatini. Mfumo dume utajitokeza wenyewe katika majibu, na hapo ndipo unapopewa jina lake.

Utaratibu wa zamu: swali linasomwa mara 2, kimya dakika 1, kisha mzunguko. Kila mtu dakika 3, anashika mwiko au kijiti, na hakuna anayemkatiza, hata kwa "pole". Anayetaka kupita anasema "napita" na hadaiwi sababu. Mzunguko ukiisha ndipo mjadala huru unaanza, dakika 35 hivi. Dakika 10 za mwisho ni za swali moja: tumesikia nini kilichojirudia kwa zaidi ya watu watatu? Hiki ndicho kiini cha njia hii tangu wanawake wa New York na Chicago walipokaa kwenye vikundi vidogo mwishoni mwa miaka ya 1960. Unaanza na lako, unasikia la mwenzio ni lile lile, unatambua kwamba si bahati mbaya yako peke yako. Ukiruka mzunguko ukaenda moja kwa moja kwenye mjadala huru, watu 3 wataongea saa nzima.

Mwezeshaji abadilike kila vikao 2. Kikundi kinachosema "sisi hatuna kiongozi" kina kiongozi, ila hajachaguliwa na hawezi kuondolewa. Kwa hiyo pangeni kazi 3 kwa zamu na zijulikane: mwezeshaji, mtunza muda, na mtu wa mlango, anayepokea wanaochelewa na kutoka na anayelia.

Zoezi la kikao cha pili au cha tatu ambalo halihitaji kalamu ni la kokoto. Naliandika kwa kirefu kwa sababu wengi wanaliharibu.

Chora mavumbini safu 2, ya mke na ya mume. Kila safu ina visanduku 7: kulala; shamba au kazi ya kipato; maji na kuni; kupika na usafi; kulea na kuuguza; ibada na mikutano; kupumzika. Kila safu inapata kokoto 24, kokoto moja saa moja. Wanawake wenyewe wazipange, wawili wawili au watatu watatu, mwezeshaji akae pembeni.

Baada ya dakika 10 hivi utasikia mabishano: kokoto za safu ya mke zimeisha na kazi bado zipo. Hapa ndipo wawezeshaji wengi wanapokosea, wanaongeza kokoto. Usiongeze, siku haina saa 27. Toa punje za mahindi. Punje moja inawekwa JUU ya kokoto pale ambapo kazi ya pili inafanyika saa ile ile: anapika huku ana mtoto mgongoni, anapalilia huku anamwangalia mwingine chini ya mti, anauza genge huku anachambua mboga ya jioni. Acha wajaze, kisha wahesabu punje za safu zote mbili kwa sauti. Usieleze maana yake. Kaa kimya. Ukimya huo unaweza kwenda dakika nzima na utakujaribu sana, lakini ukisema wewe, wao hawatasema.

Makosa mengine: wasipange siku ya mfano, wapange "jana". Na lirudiwe kwa majira 2, Januari wakati wa palizi na Julai baada ya mavuno, kwa sababu safu ya mume hubadilika sana Julai na ya mke hubadilika kidogo. Atakuwepo pia anayesema "mume wangu ananisaidia". Usibishane naye, mpe kokoto apange ya kwake. Maswali ya kufunga ni mawili tu: nani alipanga kazi hizi ziwe hivi, na kokoto ipi moja inaweza kuhama safu mwezi huu?

---

Mwanachuo wa UDOM

Asante sana kwa la punje, sijawahi kuliona likielezwa hivi.

Naongeza jambo moja la wasomi na jingine la simu. Kikundi kikichanganya wanachuo na akina mama wa mtaani, wekeni kanuni kwamba mwenye shahada haanzi mzunguko. Akianza yeye, anayefuata anajaribu kuongea kama yeye, na wa tatu anasema "napita". Mzunguko uanzie upande mwingine kila kikao.

Kuhusu WhatsApp: simu nyingi zinashikwa na watu zaidi ya mmoja, mume, watoto, wadogo zetu. Kwa hiyo kundi liwe la matangazo tu (tarehe, saa, zamu ya chai), na mipangilio iwekwe ili wasimamizi peke yao ndio watume ujumbe. Jina la kundi liwe la kawaida kabisa. Ujumbe unaojifuta uwashwe, ila msiutegemee, maana picha ya skrini inabaki. Ujumbe wa sauti upigwe marufuku: unafunguliwa sebuleni kwa sauti kubwa kabla mtu hajajua ndani kuna nini. Na orodha ya majina na namba za wanachama ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Msimpe mfadhili, mtafiti wala mgombea bila kila mmoja kukubali.

---

Msaidizi wa Sheria, Bahi

Nyemo umeita watu wa sheria, nimeitika. Nina mambo matatu: sheria zipi za kujadili, nini cha kufanya mtu akifichua ukatili, na usajili.

Za kujadili. Kifungu kimoja kwa kikao kimoja. Mkichukua vitano mtatoka na hasira tu bila kumbukumbu. Kichapwe kwa herufi kubwa, kisomwe mara 2 na mtu asiye mwanasheria. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ningeanza na hivi (namba ni za sheria ilivyotungwa, kwenye nakala mpya hakikisheni):

Kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Watu wengi hushangaa kwamba hili limeandikwa tangu 1971.

Kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine wakati ndoa ipo.

Kifungu cha 114, mgawanyo wa mali ndoa ikivunjika. Hiki kisomwe pamoja na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Elezeni kesi yote: Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, kwa sababu mahakama iliona mumewe alishampa pesa, naye Bi Hawa akazitumia vibaya. Kanuni ikabaki na inatumiwa na wanawake wengine mpaka leo. Hapo mjadala hauishi: je, ni haki mahakama kupima matumizi ya mke na isipime ya mume?

Vifungu vya 13 na 17, umri wa kuolewa, vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka Mahakama Kuu, ikaamua 2016 kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba na kutoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo Oktoba 2019.

Kwa wa vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20: mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu kisheria. Sheria hiyo hiyo inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu 7, na kati yao 3 wawe wanawake. Kikao kiishie na kazi ya nyumbani: nendeni ofisi ya kijiji mkaulize majina ya hao 3. Wakiwa wapo, waalikeni. Wakiwa hawapo, mna ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji.

Mfano wa kujadilia uwe wa kubuni. "Mume anauza kiwanja Nzuguni bila mke kujua" inatosha. Kesi ya jirani ikitajwa, hata bila jina, Dodoma ni ndogo, watamjua.

Sasa ukatili. Siku moja mtu atasema kwenye mzunguko kwamba anapigwa, au alibakwa. Jiandaeni kabla. Wawepo watu 2 walioteuliwa, na namba zao zijulikane. Mwezeshaji asiulize "ilikuwaje", asiulize "kwa nini hukuondoka". Aseme: nakuamini, unataka tufanye nini, tuendelee au tutoke nje. Mtu wa mlango atoke naye.

Ikiwa ni kubakwa hivi karibuni, saa 72 ndizo za kuwahi dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Asioge. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi. PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatolewa polisi, haiuzwi. Hapo polisi ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. Ikihusu mtoto, piga 116, simu ya msaada kwa watoto.

Msiende kikundi kizima nyumbani kwa mume "kumweka sawa". Msisuluhishe. Mkirudi makwenu, mke anabaki na mume huyo peke yake usiku huo.

Siri ina mpaka wake, na mpaka huo utajwe kikao cha kwanza ili mtu asije akasema ameshtukizwa: habari ya mtoto anayedhurika haifichwi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aifikishe serikali za mitaa.

Usajili nitaurudia kesho.

---

Kijana wa Nkuhungu

Dada zangu, shikamooni kwa mnaostahili. Sisi wanaume tunaoamini katika haki hizi tunakaa wapi? Mkijadili wenyewe, nyumbani tutabadilikaje?

---

Mwezeshaji Mtumba

Swali zuri kaka. Vikao 8 vya mwanzo wanawake peke yao. Sababu ni ya vitendo: akiwepo mwanaume mmoja, hata akiwa mwema, mzunguko unamgeukia yeye, watu wanaanza kumweleza au kumtetea. Baada ya hapo mwaweza kuweka kikao cha mchanganyiko kila miezi 3, mada ikichaguliwa na wanawake, na kila upande ukiwa na kokoto zake. Wanaume wapange safu ya mke wanavyodhani, wanawake wapange yao, kisha zilinganishwe kisanduku kwa kisanduku.

Msaada mkubwa unaoweza kutoa sasa ni saa 2 za Jumamosi: kaa na watoto. Kikundi kikiwa na kina baba 2 wa kukaa na watoto kwenye darasa jingine, wataweza kuja kina mama wenye watoto wadogo, ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kupotea.

---

Mkondoa

Asalaam alaykum na habari kwa wote. Mimi nagusa huku kwetu kaskazini mwa mkoa.

Ratiba ya Ramadhani ipangwe mapema: kikao saa 4 asubuhi, hakuna chai. Lugha: wazee wa kike wengine wanafikiri kwa Kirangi au Kigogo hata kama Kiswahili wanakijua. Ruhusuni mtu aseme kwa lugha yake, kisha mwingine atafsiri kwa ufupi. Muda wake uwe dakika 5 badala ya 3.

Ukeketaji. Takwimu za taifa za 2015/16 ziliweka Dodoma kwenye asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, zile za 2022 asilimia 18. Maana yake ndani ya duara lenu kuna waliokeketwa na wasiokeketwa, na pengine kuna bibi aliyewahi kupeleka mjukuu. Kwa hiyo mada hii isiwe ya kwanza, na ASIULIZWE mtu kama yeye amefanyiwa. Mtu akilisema mwenyewe, apewe muda wake.

Kwa mkoa wetu na Singida mjadala ukikwepa lawalawa haujagusa kitu. Mtoto wa kike anawashwa au ana uchafu sehemu za siri, familia inaamini dawa ni kukata, na ndiyo sababu wengine hukatwa wakiwa wachanga, kimya kimya, bila ngoma. Hapo hotuba ya haki za binadamu haisaidii, mama ana mtoto anayelia. Mwaliko sahihi ni muuguzi au mkunga wa zahanati aeleze kwamba ni maambukizi, yanatibika kwa dawa na usafi, aonyeshe jinsi ya kumsafisha mtoto kwa maji kidogo, kwani maji yetu ndiyo haya haya ya kugombania. Kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa mwenye kumlea msichana wa chini ya miaka 18 akamkeketa au akasababisha akeketwe kipo tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kitajwe, lakini kije baada ya muuguzi. Kikitangulia, watu watanyamaza na mambo yatahamia usiku.

---

Zabibu wa Hombolo

Mkondoa umenena. Na kwa upande wetu wa Ugogo, anzieni pia kwenye yaliyo yetu. Muheme unapigwa na wanawake: ngoma katikati ya mapaja, wanapanga mdundo wao wenyewe, wanaume wanangoja. Swali la kikao: tulikubalianaje kwamba mwanamke anaongoza ngoma mbele ya kijiji kizima lakini haongozi baraza la ardhi? Bibi wa miaka 70 atalijibu vizuri kuliko yeyote aliyetoka semina.

Tahadhari moja ya mwaka wa uchaguzi: mgombea akija na kanga na vitenge, asipokelewe kwenye kikao. Wanachama wakimtaka, wakamwone kwingine. Kikundi kikionekana cha mtu fulani, nusu ya mtaa haitakuja tena hata baada ya uchaguzi.

---

Msaidizi wa Sheria, Bahi

Narudi kwenye usajili.

Mkiwa 10 mnakaa darasani kuongea, kwanza mfahamisheni mwenyekiti wa mtaa au kijiji kwa mdomo na mtendaji kwa barua fupi: mada ni maisha ya familia, sheria na uchumi wa wanawake, mahali, siku, saa. Hii inazuia uvumi. Maandamano au mkutano wa hadhara ni jambo jingine, huo unahitaji taarifa polisi saa 48 kabla.

Baada ya miezi 3, kikundi kikiwa bado kipo, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mjiandikishe kama kikundi cha kijamii. Andaeni katiba (kurasa 4 zinatosha), muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye sahihi, orodha ya wanachama, na barua ya utambulisho ya mtendaji. Muhtasari huo uwe wa maamuzi tu. Yaliyosemwa kwenye mizunguko yasiandikwe popote.

Mkitaka kuweka akiba na kukopeshana, mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne (la vikundi vya kijamii), na usajili wake ni tofauti. Usajili wa shirika lisilo la kiserikali, chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, unakuja na taarifa za kila mwaka na ada. Msiukimbilie kwa sababu ya ahadi ya mfadhili. Mkihitaji mada na uzoefu, TGNP (Mtandao wa Jinsia Tanzania) wana semina za jinsia na maendeleo za Jumatano pale Mabibo, Dar es Salaam, na Vituo vya Taarifa na Maarifa kwenye baadhi ya kata. Ulizeni kama kipo karibu nanyi kabla ya kuanza upya peke yenu.

---

Kibaigwa Sokoni

La mwisho kutoka kwangu: Desemba mvua ikianza, huku hakuna mtu wa kukaa dakika 100. Mnafanyaje mpaka Machi?

---

Nyemo wa Ilazo

Msisimamishe, punguzeni. Desemba hadi Machi kikao kimoja kwa mwezi, dakika 45, siku ya Jumapili baada ya ibada au siku ambayo kijiji hakiendi shamba. Swali moja, mzunguko mmoja, hakuna sheria, hakuna mgeni. Maswali yawe ya msimu: nani aliamua ekari ngapi za alizeti na ngapi za mtama? Ghala likibaki na magunia 2 mwezi wa pili, nani anakula mwisho? Mbegu ilinunuliwa kwa pesa ya nani?

Aprili rudini kwenye wiki 2. Na mada ya mapato ipangwe Mei, kabla alizeti haijauzwa. Mama anayejua Mei kwamba ana haki ya kukaa wakati wa kupanga bei anaweza kusema neno kabla gunia halijatoka nyumbani. Mkiisubiri Agosti mtakuwa mnajadili pesa iliyokwisha kutumika.